Nyumba Isiyouza Bia

Mtu wa kwanza kuagiza supu nyumbani kwa Gaspar alikuwa mstaarabu, tusimsingizie. Alipiga hodi, akafuta viatu mlangoni, akamwamkia Apolonia vizuri, ndipo akapanda kwenye kigoda kirefu, akaegemea kaunta na kusema, "Mama, niwekee ya mbuzi. Ndimu na pilipili pembeni, na chapati za moto kama zipo."

Apolonia alikuwa na mswaki mdomoni. Alitema povu kwenye sinki, akakaza khanga, akasema, "Baba, hapa ni nyumbani kwa watu."

"Nafahamu, mama," akajibu yule mtu kwa upole. "Ndiyo maana nimekuja. Hizi sehemu kubwa kubwa supu yao ni maji na chumvi tu."

Gaspar aliyasikia yote hayo akiwa chumbani anatafuta soksi. Hakutoka. Alisubiri mpaka mkewe alipomsindikiza mgeni hadi getini, kisha akajitokeza na uso wa mtu asiyejua kitu, akauliza, "Nani alikuwa anaongea hapa?"

"Mteja wako," akasema Apolonia, akarudi kwenye mswaki wake.

Jamani, tusimcheke yule mtu. Hata wewe ungepita Segerea asubuhi ile ungeingia. Katika nyumba za bati jekundu na bati la bluu, zote zina ukuta wa tofali na geti jeusi, ghafla unakutana na ukuta wa mawe hadi kiunoni, juu yake magogo yaliyopakwa mafuta yanayong'aa, halafu paa la makuti limesimama wima, limeshuka huku na huku karibu liguse ardhi. Tangu lini mtu wa Dar akaona makuti na magogo akadhani humo ndani kuna watu wanasali rozari?

Gaspar mwenyewe hakuona makuti. Aliona chaleti. Alikuwa karani katika kampuni ya kutoa mizigo bandarini, na siku moja mizigo ilipokwama aliona kwenye simu nyumba za huko Ulaya milimani, za mawe na mbao, zenye paa la mteremko na madirisha makubwa, na moyo wake ukaenda jumla. Tangu siku hiyo hakutaka kusikia habari ya saruji wala jipsamu. Alitaka vitu vya asili, nyumba inayopumua.

"Paa limesimama hivi kwa nini?" Apolonia alimuuliza wakati huo, akiitazama ile picha.

"Ili theluji iteleze, isikae juu."

"Theluji ya Segerea?"

"Na mvua nayo si inateleza?" akasema Gaspar, na mjadala ukafungwa, maana pesa ya kujenga ilikuwa yake na kiwanja kilikuwa chake, na mwanamume wa Rombo akishasema anajenga, mwachie ajenge.

Kosa lilikuwa kwenye fundi. Si kwamba Venance alikuwa fundi mbaya, hapana. Karakana yake ya Chang'ombe ilijulikana, na gogo likiingia mikononi mwa yule Mmakonde lilikuwa linatii lenyewe. Ila Venance tangu aingie mjini hakuwahi kujenga kitu ambacho watu hawalewi ndani yake. Baa za Mbagala, baa za Bunju, baa za Kimara, zote mkono wake. Gaspar alimwonyesha picha, Venance akaitazama, akatikisa kichwa kwa furaha na kusema, "Bosi, hii naifahamu vizuri." Akaijenga vile anavyofahamu. Kati ya jiko na sebule akaweka kaunta nzito ya mninga. Mbele ya kaunta akapanga vigoda virefu. Nyuma yake akajenga rafu hadi juu, na Apolonia akapanga humo sahani na vikombe, na katikati akaiweka sanamu ya Bikira Maria, ambayo kwa mbali ilionekana kama chupa ya aina mpya.

Waliohamia humo walikuwa watatu: Gaspar, Apolonia, na Editha, binti yao wa pekee, mwalimu wa shule ya msingi. Na wote watatu waliteseka, kila mmoja kwa namna yake.

Watu wa bodaboda waliigeuza nyumba kuwa kituo. "Nishushe Baa ya Mangi," watu walisema, kwa jina wanalomwitia Mchagga yeyote mjini, na Editha alipanda hivyo hivyo kimyakimya, maana akisema vingine dereva anapotea. Akaja kijana wa kuuza bia, amevaa fulana ya kampuni, akataka kuwapa friji na viti vya bure. Apolonia alipokataa, akaongeza miavuli. Ofisi ya serikali ya mtaa ikamtuma mtu kuulizia leseni ya vileo, na Gaspar alipomwonyesha vyumba vya kulala ili kuthibitisha kwamba hapo panalaliwa, yule mtu akaandika kitu na kuuliza kama leseni ya gesti nayo anayo.

Ndipo Gaspar, kwa hasira, akaandika kibao na kukitundika getini: HII NI NYUMBA YA KUISHI. HAKUNA BIA.

Jioni hiyo hiyo jamaa wawili wakasimama getini, wakakisoma. "Mangi," mmoja akaita, "zinakuja saa ngapi?"

Apolonia alicheka mpaka akakaa chini. Kwa kweli alikuwa amevumilia, na kicheko kilikuwa kimebaki kuwa dawa yake. Lakini barua ya posa ilipotangazwa, kicheko kikaisha.

*

Mchumba wa Editha aliitwa Gibson, kijana mpole, watu wao wa Tukuyu. Baba yake alifariki zamani, na aliyemlea ni baba yake mkubwa, Mzee Tusajigwe, mzee wa kanisa. Huyo mzee, Gibson mwenyewe alieleza, tangu azaliwe hajawahi kukanyaga baa hata kwa kuomba maji. Harusi ikiwa na pombe anakula nje. Na bila neno lake hakuna ndoa; Gibson alisema hivyo akimtazama Editha, na Editha akatazama chini, maana alimpenda.

"Baba Editha," akasema Apolonia Gibson alipoondoka, "posa hii tutaipokelea kwa dada yangu Chang'ombe."

"Binti anaposwa kwa baba yake."

"Basi ng'oa makuti uweke bati. Bado wiki chache, Venance atawahi."

"Mama Editha, hii ni nyumba. Nyumba! Mzee akiingia ataona vitanda, ataona picha za komunio, ataona..."

"Ataona kaunta."

Editha alikuwa anaosha vyombo nyuma ya hiyo kaunta, na alipoongea hakugeuka. "Baba, mie nakuomba tu. Tangu nikiwa mdogo sijawahi kukuomba kitu kikubwa."

Ilimuuma Gaspar. Alijua anachoombwa, na alijua angeweza kukitoa. Lakini alipoinua macho akaona vile magogo yalivyokutana juu, akasikia upepo unavyopita, akajiambia kwamba mtu mwenye akili akikaa humo ndani kidogo tu lazima ataelewa. "Wataipenda," akasema. "Nyie ngojeni."

"Sawa," akasema Apolonia. "Ila nakwambia mbele ya mtoto. Posa hii ikiharibika kwa sababu ya makuti yako, mie nakwenda kwa dada yangu na wewe utabaki hapa na chaleti yako, muoane."

*

Siku yenyewe ilikuwa Jumamosi ya joto lile la kabla ya mvua, hata kuku wamekaa midomo wazi. Kaunta ilifunikwa vitambaa vya kudarizi mpaka haionekani. Vigoda virefu vilipelekwa uani, vikalazwa chini kama wagonjwa. Kibao kiliondolewa. Apolonia alipika pilau, ndizi na kuku wa kienyeji, Editha akavaa gauni la kitenge, na Gaspar akavaa suti yake ya kijivu, ambayo ilimbana tumboni lakini si sana.

Simu ikaita. Alikuwa Mzee Tusajigwe mwenyewe.

"Bwana Gaspar, sisi tumefika, ila huyu dereva wa bajaji katuleta mbele ya baa. Tumejiweka ng'ambo ya barabara, kwenye kivuli cha duka la dawa. Njoo utuchukue."

Gaspar akachungulia dirishani. Ng'ambo ya barabara alisimama mzee mrefu aliyevaa suti nyeusi nzito na tai, na pembeni yake mwanamke mnene aliyejitanda kitenge. Mzee alikuwa ameipa nyumba mgongo.

"Nakuja," akasema Gaspar kwa sauti ndogo.

Kuvuka barabara ile ilikuwa kazi kuliko kubeba gunia. Aliwaamkia, wakaamkiana vizuri, akatambulishwa kwa mama yule: Demetria, dada wa mzee, shangazi wa Gibson. Halafu ikabidi aseme.

"Karibuni nyumbani. Ni... ni hapo."

"Nyuma ya baa?" akauliza Mzee Tusajigwe.

"Hapana, mzee. Ni hiyo yenyewe. Inafanana tu."

Mzee akageuka taratibu, akaitazama toka chini hadi juu. "Bwana, mimi si mtoto. Makuti nayaona, magogo nayaona. Mlitaka tulete barua ya posa kwenye baa?"

"Mzee wangu, mbele ya Mungu," akasema Gaspar, na mkono akauinua juu, jasho likimtiririka, "tangu msingi uchimbwe mpaka leo hii, humo ndani haijaingia pombe hata tone."

Demetria akamvuta kaka yake kwa kiwiko. "Mwenzio kaapa, kaka. Twende, jua linatuua."

Wakavuka.

Mungu ni shahidi, kiapo kile kilikuwa cha kweli kabisa wakati kinatolewa. Wageni waliingia, wakaketishwa kwenye viti vya kawaida, wakapewa maji. Mzee Tusajigwe alikaa ncha ya kiti, bahasha mkononi, macho yakikagua. Aliona picha za komunio. Aliona msalaba. Akaanza kulegea kidogo, hata akamuuliza Apolonia kama wao ni wa parokia gani. Gaspar akamtupia mkewe jicho la ushindi.

Hapo ndipo mlango ukafunguliwa bila hodi, akaingia Bernadeta, dada mkubwa wa Gaspar, ametoka Rombo kwa basi la usiku kucha, amevimba miguu, na nyuma yake dereva wa bajaji ameinama kwa uzito wa dumu kubwa la njano.

"Nimechelewa?" akauliza Bernadeta. "Weka hapo, mwanangu. Polepole! Imetikiswa tangu nyumbani."

"Dada," akasema Gaspar, "hiyo ni nini?"

"Unaniuliza mbege? Wewe Gaspar umelogwa? Tangu lini Mchagga akaposewa binti bila kata ya mbege? Nikajua tu hawa wakwe zetu hawajui kuipika, nikasema acha niwasaidie. Habari zenu, wakwe!"

Kabla wakwe hawajajibu, dumu likajibu. Mfuniko uliruka, ukagonga paa, na povu likamwagika sakafuni likielekea kwenye viatu vyeusi vya Mzee Tusajigwe. Harufu ya ile pombe ya ndizi ikajaa sebule nzima. Na Bernadeta, katika kutafuta kitambaa cha kupangusia, akakivuta kile kikubwa cha kudarizi, na kaunta ya mninga ikabaki wazi, inang'aa, ndefu kama dhambi.

Mzee Tusajigwe akasimama. Hakupiga kelele, na ingekuwa heri angepiga.

"Bwana Gaspar," akasema, "umeapa kwa Mungu."

"Mzee, sikujua..."

"Demetria, chukua mkoba. Bahasha tunarudi nayo."

Editha alikuwa amesimama kwenye mlango wa chumba. Alimtazama baba yake mara moja tu, akarudi ndani, na mlango ukafungwa taratibu. Gaspar angepewa nafasi ya kupanda juu ya paa dakika ile, angeyang'oa makuti kwa meno.

*

Mvua ndiyo iliyowazuia. Haikuanza kwa manyunyu. Ilishuka yote kwa pamoja, kama mtu kamwaga pipa. Barabara ikawa mto, duka la dawa likapotea machoni. Mzee Tusajigwe alisimama mlangoni, akaitazama, akamtazama dada yake, akarudi kwenye kiti na kuiweka bahasha mezani.

"Tunasubiri ipungue," akasema. "Basi."

Wakakaa. Hakuna aliyeongea. Bernadeta alijua kaharibu ingawa hakujua kaharibu nini, akaenda jikoni na dumu lake. Apolonia akaweka chakula mezani kikabaki kimefunikwa. Gaspar alitaka kusema neno la kuomba radhi, lakini kila alilolitafuta aliliona dogo.

Ilichukua muda kabla hajagundua ni kitu gani kilichokuwa cha ajabu. Ni ule ukimya wenyewe. Nje mvua inaua, na humo ndani mtu angeweza kusikia saa ya ukutani. Kwenye nyumba za bati watu wa Segerea nzima wakati huo walikuwa wanaongea kwa mikono. Hapa makuti yaliimeza mvua yote ikabaki mvumo, upepo wa ubaridi ukaingia kwenye magogo, na lile joto la asubuhi likatoka polepole. Mzee Tusajigwe alilegeza tai. Baadaye akaegemea kiti. Suti ile nzito, safari ile ndefu, jua lile. Kichwa kikashuka, kikainuka kwa hasira, kikashuka tena, na safari hii hakikuinuka.

Halafu akaanza kukoroma.

Demetria akaweka kidole mdomoni. Apolonia akaenda kwa vidole vya miguu, akamfunika magoti kwa khanga. Mgeni aliyelala haamshwi. Hata mwenye ugomvi naye anamsubiri.

Na wakati huo ndipo tone la kwanza lilipoanguka sakafuni, kando ya meza yenye bahasha ya posa.

Gaspar alilitazama kama mtu aliyeona nyoka. Aliinua macho. Juu kabisa, pale Venance alipoungia makuti ya huku na ya huku, mfuniko wa dumu ulikuwa umepenya, na sasa maji yanachungulia. Ehe! Baa, uongo, pombe, na sasa nyumba inavuja mbele ya wakwe. Tone la pili likamkosa Mzee Tusajigwe kidogo tu. Gaspar hakufikiri. Alinyanyua kiti chake bila kukiburuta, akakitua chini ya lile tundu, akaketi wima na mikono juu ya magoti kama anayepigwa picha ya pasipoti.

Maji yakamwangukia utosini. Yakateremka shingoni, yakaingia kwenye kola, yakafuata uti wa mgongo. Hakutikisika. Apolonia alimwona. Alimtazama yeye, akatazama juu, akamtazama tena kwa muda mrefu, na Gaspar akajua kwamba wageni wakishaondoka atasikia habari zake.

*

Mvua ilipopungua, Mzee Tusajigwe alishtuka, akaketi sawa na kukohoa.

"Umelala, kaka," akasema Demetria.

"Sijalala. Nilikuwa natafakari."

"Umekoroma."

Mzee akaiona khanga magotini. Akaitazama. Wote wakatazama pembeni kwa heshima, isipokuwa Demetria, ambaye alikuwa amemjua tangu utotoni na hakuwa na cha kuogopa.

"Nauliza tu," akasema Demetria, "maana nikifika nyumbani wazee wataniuliza. Niwaambie mzee wa kanisa kalala wapi? Kalala baa, au kalala nyumbani kwa watu?"

Mzee Tusajigwe aligeuka kwenye kiti. Aliitazama kaunta. Aliutazama msalaba. Akaikunja khanga vizuri, pembe kwa pembe, akaiweka juu ya meza.

"Demetria," akasema, "mimi sijawahi kulala baa, na leo sijalala baa. Hii ni nyumba."

"Na lile dumu?"

"Lile dumu ni la shangazi. Kila ukoo una shangazi wake."

Kutoka jikoni Bernadeta alisema "Amina," na mlango wa chumba ukafunguka kidogo, jicho la Editha likaonekana.

Mzee alichukua bahasha, akasimama, akaishika kwa mikono miwili kama inavyotakiwa, akamgeukia baba wa binti. Akasita.

"Bwana Gaspar. Mbona umelowa?"

Kila mtu akageuka. Nywele zimelala, suti ya kijivu imekuwa nyeusi mabegani, na hapo hapo, mbele ya macho ya wote, tone lingine likamteremka shavuni. Gaspar alitafuta uongo, hakuupata. Aliutafuta ukweli, nao ukamkwama. Akamtazama mkewe, akangoja aangushwe, maana haki yake ya kumwangusha alikuwa nayo.

"Analia, mzee," akasema Apolonia. "Tangu mlipoingia na hiyo bahasha machozi hayamkauki. Huyu ni binti yake wa pekee."

Mzee Tusajigwe akamkagua Gaspar toka kichwani. "Mpaka mgongoni?"

"Sie watu wa mlimani tukilia, tunalia," akasema Apolonia, uso mkavu kabisa, akasogea akasimama nyuma ya kiti cha mumewe, mkono juu ya bega lake, na tone lililofuata likamwangukia yeye.

Gaspar alitaka kucheka. Kicheko kilifika kooni kikageuka njiani, na mara akawa analia kweli, kwa kwikwi, mbele ya wakwe na mbele ya dada yake, suti ikimbana, wala hakujali nani anamwona.

Mzee Tusajigwe alibaki na bahasha hewani. Kisha akaiweka kando, akavuta kiti, akakaa karibu naye, akampapasa goti.

"Basi, mkwe," akasema. "Basi, nyamaza. Hatumchukui leo."